Kidimbwi shuleni: Tujibu kwanza swali la mbu

MZAZI wa Lamu akisikia kwamba walimu wanataka kuchimba kidimbwi katika uwanja wa shule ili watoto wasome viumbe vya majini, swali lake la kwanza huwa moja tu: Na mbu je?

Ni swali la haki. Anayeuliza hivyo huenda amewahi kukesha na mtoto mwenye malaria, au anamjua mzee wa mtaani ambaye mguu wake umevimba kwa matende hata hatoki nyumbani ila kwa kusindikizwa. Kwa hivyo, ewe msomaji, sitaanza kwa kukusifia maua ya yungiyungi na ndege wa rangi. Nitaanza kwa mbu, kwa sababu mradi usioweza kulijibu swali hilo haufai kupewa hata jembe moja.

Tazama kwanza nyumba zetu za zamani. Ukiingia katika choo cha nyumba ya mawe ya Lamu utaikuta birika, tangi lililojengwa ukutani kwa mawe na chokaa, la kuwekea maji ya kuoga na kutawadhia. Maji hayo hukaa siku nyingi, tena kivulini, mahali ambapo mbu angependa mno kutaga mayai. Wazee wetu walilijua hilo. Walitia humo samaki wadogo ambao kazi yao ilikuwa moja, kula viluwiluwi. Katika baadhi ya birika, fundi alizamisha bakuli la kaure sakafuni ili maji yakipungua au birika ikisafishwa, samaki wapate mahali pa kujihifadhi. Hakuna daktari wala afisa wa afya aliyewaamuru kufanya hivyo. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba maji yenye samaki hayatoi mbu.

Hilo walilolifahamu wazee limekuja kuthibitishwa na watafiti katika sehemu nyingine. Kaskazini mwa Somalia, ambako watu huhifadhi maji ya mvua katika mabirika makubwa yaliyochimbwa ardhini, perege wa kienyeji walitiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na viluwiluwi vya mbu wa malaria vikapungua sana. Huko Kisii, hapa kwetu Kenya, watafiti walitia perege katika mabwawa ya samaki yaliyokuwa yameachwa, na katika ripoti waliyoitoa mwaka wa 2007 walieleza kwamba baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Mabwawa yalikuwa ni yale yale. Yalipoachwa bila samaki yalikuwa kiwanda cha mbu. Yalipowekwa samaki yakawa mtego wao.

Sasa twende kwenye jambo ambalo Lamu haifai kulisahau. Katikati ya mwaka wa 2004, kisiwa kilishikwa na homa ambayo wakazi wengi hawakuwa wameiona. Viungo viliuma mpaka watu wazima wakatembea wameinama kama vikongwe. Ugonjwa wenyewe ulikuwa chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, ambalo lilianza kutumika ugonjwa huo ulipotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1952 na 1953. Mwezi wa Oktoba 2004 wataalamu walipima damu ya wakazi 288 wa kisiwa cha Lamu. Watu 215 kati yao, yaani karibu robo tatu, walikuwa wameambukizwa. Baadaye virusi vilifika Mombasa, vikavuka hadi Ngazija na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi mwaka wa 2005, kisha Bara Hindi.

Wengi hudhani kwamba ugonjwa kama huo huletwa na mafuriko. La. Msimu ule ulikuwa wa joto na ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka muda mrefu katika mitungi, mapipa na madumu ndani ya nyumba, na humo ndimo alimozaliana mbu mweusi mwenye madoa meupe aitwaye Aedes aegypti, ambaye huuma mchana. Mbu huyo hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ni lazima chombo kisuguliwe.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Maji ambayo kila mtu anayatazama si hatari sana. Maji yaliyosahauliwa ndiyo yenye hatari. Mtumbwi uliopanduliwa pwani na kujaa maji ya mvua, kifuu cha nazi nyuma ya jikoni, gurudumu bovu, tangi la shule ambalo kifuniko chake kilipotea miaka mitatu iliyopita: hivyo havina samaki, havina kereng'ende wala vyura, na havina mwalimu wa kuvichungulia. Mzazi anayekataa kidimbwi kwa sababu ya mbu, huku tangi la shule liko wazi, anafunga dirisha na kuacha mlango.

Na jambo hili limezidi uzito. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 wataalamu walimgundua katika kaunti ya Marsabit mbu wa malaria kutoka Asia, Anopheles stephensi, ambaye barani Afrika alionekana kwanza Djibouti mwaka wa 2012. Mbu wetu wa malaria tuliomzoea hupenda madimbwi ya nje. Huyu mgeni hana taabu kuishi mjini na kuzaliana katika matangi na mapipa ya maji safi. Mji kama Lamu, wenye nyumba zilizobanana na maji ya kuhifadhi kila chumba cha kuogea, hauwezi kukaa na kusubiri. Inafaa tuwe na watu wengi wanaokitambua kiluwiluwi wakikiona. Ni nani hao, kama si watoto?

Lugha yetu yenyewe ina mtego hapa. Tunasema kiluwiluwi kwa mtoto wa mbu, na tunasema kiluwiluwi kwa mtoto wa chura. Mtoto aliyesomea kitabuni tu huweza kupata alama zote katika mtihani na bado asijue tofauti, akaua cha chura ambacho hakimdhuru mtu, akamwacha cha mbu. Mpe bakuli jeupe achote maji ya kidimbwi mara kumi, ahesabu alichokipata. Ataona kwamba kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, na vya mbu wengine huning'inia kichwa chini, mkia juu wa kuvutia hewa. Akikiona mara moja hatakisahau. Jioni atakwenda nyumbani na kuchungulia birika ya nyanya yake bila kuagizwa na mtu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka wa 2019, unawataka walimu wafundishe kwa vitendo. Katika shule nyingi vitendo hivyo vimekuwa ni kukata picha na kubandika kwenye manila, jambo linalomla mzazi fedha na kumfunza mtoto kutumia gundi. Au hupandwa miche siku ya sherehe, wageni wakapigwa picha, na baada ya mwezi miche imekuwa vijiti. Kidimbwi hakikubali kufanyiwa hivyo. Ukikisahau wiki mbili, kitakuumbua.

Kuna sababu nyingine ya afya ambayo wazazi hawaambiwi mara kwa mara. Mtoto wa Lamu huketi darasani tangu asubuhi, na alasiri huketi tena chuoni, kichwa kimeinama juu ya msahafu. Siku hizi akirudi nyumbani hushika simu. Macho yake hutazama karibu kutwa nzima. Huko Guangzhou nchini China, shule kadhaa ziliongeza kipindi kimoja cha dakika 40 nje ya darasa kila siku. Baada ya miaka mitatu, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015, watoto waliopata ugonjwa wa kutoona mbali katika shule hizo walikuwa asilimia 30, na katika shule zisizoongeza kipindi hicho walikuwa karibu asilimia 40. Dawa yenyewe ilikuwa mwanga wa nje. Sisi tunao mwanga huo bure mwaka mzima, ila tumewafungia watoto ndani.

Haya, tuseme wazazi wamekubali. Maji yatatoka wapi?

Swali hili ni gumu kuliko la mbu, na wanaopenda miradi ya mazingira hulipita mbio. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya machuguu ya mchanga ya Shela. Mchanga ule huchuja na kushikilia maji ya mvua juu ya maji ya chumvi, na visima vikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Kwa hivyo sitakubali kidimbwi kinachojazwa kwa mfereji. Kijazwe kwa maji ya paa. Paa la mabati la mita 10 kwa 10 hupata lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua, na kidimbwi cha mita 4 kwa 3 chenye kina cha wastani wa sentimita 40 hutaka lita 4,800 tu. Mvua chache nzuri za masika hukijaza, na zinazobaki huingia kwenye tangi.

Taabu iko wakati wa kaskazi. Jua na upepo huweza kunyonya milimita tano hadi saba kwa siku, ambazo kwa kidimbwi hicho ni lita 60 hadi 84, yaani madumu matatu au manne ya lita 20 kila siku. Kivuli cha mwarobaini au mkungu hupunguza hasara hiyo, na majani ya yungiyungi pia. Maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, yanaweza kusaidia kama yatapitishwa kwanza katika mchanga na kokoto. Lakini yasiachwe yakatuama njiani na kunuka, maana mbu anayeeneza matende mijini, Culex, hupenda maji machafu. Serikali ilileta kampeni ya dawa tatu kwa pamoja za matende hapa Lamu mwaka wa 2018, na watu wakameza. Tusiibomoe kazi hiyo kwa mtaro mmoja wa shule.

Na sasa niseme ambalo baadhi ya wasomaji halitawapendeza. Kuna shule ambazo hazifai kuchimba kidimbwi. Katika miji ya kisiwa cha Pate, na Ndau na Kiwayu, ambako watu hutegemea jabia za kukingia mvua, na kiangazi akina mama wakibeba madumu kutoka mbali, kuwajazia samaki maji ya kunywa ni kuwatusi akina mama hao. Shule hizo zina darasa la nje lililokwisha kujengwa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo Lamu. Maji yakipwa, mwalimu anaweza kuwatoa watoto kwenda kutofautisha mkoko na mchu na mkandaa kwa mizizi yake, na kuchungulia vidimbwi vya miambani vilivyojaa kaa na samaki wachanga. Hata huko somo la mbu lipo, kwani wapo mbu wa malaria wanaozaliana katika maji ya chumvichumvi. Gharama yake ni viatu vya kuzuia miiba na kuijua saa ya maji kujaa.

Shule inayoweza kuchimba, na ichimbe kwa masharti. La kwanza ni uhai wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo huweza kufa katika maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima. Kwa hivyo kina kisizidi sentimita 60, upande mmoja uteremke polepole kama ufuo, na kuwe na ua wenye mlango wa kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mwalimu. Mahali penye darasa la watoto wadogo, uwekwe pia wavu wa chuma imara chini kidogo ya uso wa maji. Ua huo una faida ya pili ambayo kila mkazi wa Lamu ataielewa: punda. Bila ua, punda wa mtaa mzima watafanya hapo ndipo pa kunywea, na wataacha mavi yao kama malipo.

La pili ni kichocho. Ugonjwa huu unajulikana sana katika sehemu nyingine za Pwani. Mayai ya minyoo yake hutoka katika mkojo wa mgonjwa, watoto wa minyoo hukulia ndani ya konokono wa maji matamu, kisha humwingia mtu kwa ngozi akikanyaga maji. Kamba hiyo ni rahisi kuikata. Mtoto haogi wala kuingiza miguu kidimbwini, na hakuna anayekojoa humo; choo cha shule kiwe karibu na kiwe kinatumika. Mimea inayoletwa kutoka bara, tuseme kutoka Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, ioshwe na kukaguliwa jani kwa jani isije na konokono. Baada ya somo, mikono ioshwe kwa sabuni.

La tatu ni likizo. Hapa ndipo miradi mingi itakapofia. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa masika, wakati mbu wanapoanza kuongezeka, na lango la shule limefungwa. Kidimbwi hakina likizo. Kabla ya jembe la kwanza, halmashauri ya shule iandike majina ya watakaokitazama kila wiki shule ikifungwa, mlinzi akiwa wa kwanza na wazazi wa jirani wakifuata kwa zamu. Yasipopatikana majina, basi kisichimbwe.

Usihangaike kuagiza samaki wa kigeni. Kuna samaki mdogo kutoka Marekani aitwaye Gambusia ambaye amesambazwa duniani kwa jina la mla mbu, na mahali pengi amemaliza mayai ya vyura na samaki wa kienyeji. Perege wadogo wa kwetu wanatosha. Wengine watakuja wenyewe bila kualikwa. Kereng'ende hula mbu angani, na watoto wake hukaa majini wakila viluwiluwi. Mmoja wao, yule wa rangi ya manjano anayejaa hewani baada ya mvua, ni msafiri ajabu. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Maldives, alieleza mwaka wa 2009 kwamba kereng'ende hao huvuka bahari kutoka Bara Hindi hadi Afrika Mashariki wakibebwa na upepo wa kaskazi, na kwamba vizazi vyao hurudi kwa kusi. Ni pepo zile zile zilizowaleta na kuwarudisha mabaharia wetu. Sijui mwalimu gani wa historia au wa sayansi atakayekosa la kusema mdudu huyo akitua juu ya tete mbele ya darasa.

Kuzunguka kidimbwi pasiachwe patupu. Panda kivumbasi, ambacho wazee hufukiza kufukuza mbu, na mrehani, na mti mmoja mkubwa wa kivuli wenye viti vya mawe chini yake. Ila mtoto asidanganywe kwamba kivumbasi kinachukua nafasi ya chandarua. Alale ndani ya chandarua usiku, kidimbwi kiwepo au kisiwepo.

Kazi ya kuchimba ifanywe Februari au Machi, kabla ya mvua. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hivyo patandikwe turubai nzito la plastiki au pajengwe kwa saruji, na mafundi wa chokaa wapo. Kama ni saruji au chokaa mpya, usitie samaki mara moja, kwani ukali wake utawaua wote. Jaza maji, yaache siku kadhaa, yamwagie miti, jaza tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Lakini maji yasikae humo wiki nzima bila samaki, kwa sababu katika joto letu siku saba hadi kumi zinatosha yai la mbu kuwa mbu. Halafu tia samaki wawili watatu kwanza. Wakiwa hai baada ya siku tatu, leta wenzao, na uwape watoto lile bakuli jeupe waanze kuhesabu.